Diski Ambayo Hamkuikuta Ukutani

Vijana wangu wa gereji na wa bendi, nimewakabidhi ngoma kubwa moja, ngoma ndogo mbili, stendi tatu, spika mbili ambazo moja ina kikohozi, na boksi la spana ambalo ninyi wenyewe mtahakikisha halipungui. Mmeshukuru, na Mungu awabariki. Halafu mmoja wenu akanipigia simu: "Mzee Lohay, ile diski ya plau iliyokuwa ukutani iko wapi? Tumekuta msumari tu." Nikamwambia nitaandika, maana habari yenyewe haitoshi kwenye simu. Miaka yote nimewakataza kuigusa sahani ile ya chuma ya kulimia, na hakuna aliyethubutu kuniuliza sababu. Someni basi, na kama mwandiko wangu unapanda na kushuka, mjue macho yamechoka kabla ya mwenyewe.

Nilifika kwenye mashamba ya ngano ya serikali nikitoka Masieda, nikiwa na cheti cha darasa la saba, viatu vya kaka yangu, na imani kwamba trekta ni ng'ombe asiyekunya. Nilikosea. Trekta linakunya sana, tena oili nyeusi, na anayefagia ni mgeni wa karakana. Ukisimama mlangoni uliona ngano mpaka macho yanachoka, na nyuma yake mlima Hanang umejifunika wingu. Sisi kwetu Mbulu tumezoea mashamba ya mteremko, kipande hapa, kipande pale. Siku ile niliona shamba lisilo na mwisho, nikaogopa, nikatamani kurudi kwa mama.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Katesh, mwenye kofia ya kufuma kichwani hata akiwa amelala chini ya kombaini ya kuvunia. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Yeye aliacha duka akafuata gitaa kwenye bendi za mjini, kisha akaacha bendi za mjini akafuata ugali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta masikio?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Akanipa fimbo ya mti, ncha moja niiweke kwenye injini inayounguruma, ncha nyingine sikioni. "Mikono yako sina haja nayo kwa sasa," akasema. "Kaa hapo mpaka uniambie ni nani analia." Nilikaa siku tatu. Siku ya tatu nikamwambia anayelia ni beringi ya pampu ya maji. Akafungua, ikawa kweli, na ndipo akaniruhusu kushika spana. Kauli yake ilikuwa moja tu: sikiliza kwanza. Niliishika vizuri kwenye injini. Kwa watu niliisahau siku niliyoihitaji zaidi, na ndiyo habari ya barua hii.

Mzee Shabani alikuwa bado na gitaa lake, ila nyuzi zilikwisha na dukani hazikuwapo, kama vitu vingi miaka ile. Akanifundisha kufumua waya wa breki ya baiskeli. Ndani yake mna nyuzi nyembamba. Unachagua zilizonyooka, unazifuta kwa mafuta ya taa zisishike kutu, unazikaza polepole ukigeuza uso pembeni, maana mmoja ukikatika unatafuta jicho. Zinauma vidole, lakini vidole vya fundi vimeshaumwa na mengi. Spika tuliyopata ilikuwa ya mikutano, imepasuka, tukaiziba kwa kiraka cha tyubu. Gitaa likipita humo lilitoka linakoroma.

Tungeona aibu ya mkoromo ule maisha yetu yote kama si mtaalamu mmoja Mzungu. Tulimwita Bwana Theluji, kwa sababu kila mazungumzo yake yaliishia kwenye theluji ya kwao. Alikuwa na kaseti ndani ya landrova. Siku moja akaifungulia sauti, tukasikia vijana wanapiga gitaa kama wanalifukuza, na mwimbaji anagombana na mtu asiyeonekana. Akasema kwao muziki huo unaitwa panki, unapigwa na vijana waliochoka kuambiwa watulie.

"Huo si muziki," akasema Mzee Shabani. "Hiyo ni gia imekataa kuingia."

Wiki haikuisha. Nilimkuta peke yake karakana, gitaa limechomekwa kwenye ile spika yenye kiraka, anapiga haraka haraka, kofia imeenda upande, anacheka. Mimi nikavuta pipa la oili, nikaanza kulipiga.

Mwimbaji tulimpata kwenye mafuta. Gidamuli alikuwa Mdatoga wa Balangdalalu, mrefu, kazi yake kujaza matrekta dizeli kwa pampu ya mkono. Alipokuwa anazungusha pampu aliimba kwa lugha yake akimsifu ng'ombe dume, na sauti ile ilizoea kuita mifugo kutoka upande mmoja wa mbuga hadi mwingine. Mzee Shabani aliisikiliza kutoka chini ya trekta, akatoka, akajifuta mikono. "Huyu hahitaji umeme," akasema. Tukawa watatu, na watatu tukabaki.

Jina la bendi nilitoa mimi: Kutu. Anayejua ngano anajua kutu ni ugonjwa wake, unakuja na unyevu, jani linageuka rangi ya chungwa, na mabwana shamba hawalali. Meneja akatuita ofisini. "Bendi ya shamba la ngano mnaiita Kutu? Hakuna jina jingine? Jiiteni Mavuno!"

Mzee Shabani akamjibu kwa adabu zote, "Mzee, tukijiita Mavuno halafu mvua igome, tutaonekana waongo. Kutu ipo kila mwaka." Meneja akatazama dirishani muda mrefu, tukahesabu kuwa amekubali.

Tulipiga Jumamosi mchana, baada ya chakula, kwenye banda la kombaini, kwa kuwa jenereta ya karakana ilikuwa inawaka bado. Nyimbo zetu zilikuwa fupi. Ndefu kuliko zote iliisha kabla chai haijapoa. Waliotoka mikoa mingine wakitarajia dansi la kukumbatiana walisimama wameshika viuno. Vijana wa Kidatoga hawakushangaa. Kucheza kwao ni kuruka, na sasa wamepata muziki unaoruka. Wambulu wenzangu walikuja kucheka, wakabaki. Katekista alisema tumepagawa, akasema hivyo Jumapili mbili, na Jumapili ya tatu akanyamaza kwa sababu binti zake wote walikuwa bandani. Watoto wangu, nimepiga harusi nyingi tangu hapo, na kipaimara, na kampeni za kila rangi. Sijawahi tena kusikia vumbi la banda likitikisika namna ile. Nina hamu nalo mpaka leo. Kuna asubuhi nainuka na kisigino kinapiga sakafu chenyewe.

Kilichopungua kilikuwa toazi, ile sahani ya shaba ya mpiga ngoma. Nilijaribu kifuniko cha pipa, kikasikika kama mtu anayeosha sufuria kwa hasira. Nikaanza kugonga diski za plau, kila iliyovuliwa. Sikilizeni hili, litawafaa: diski mpya ni nzito, inasema neno moja na kunyamaza. Yenye ufa haisemi kitu, inaguna tu. Inayotakiwa ni iliyolimishwa misimu mingi mpaka imekuwa nyembamba, bila ufa. Itundike kwa mkanda wa tyubu, usiifunge kwa chuma, na uipige ukingoni.

Sasa nafika mahali pagumu.

Katikati ya kitalu kimoja palikuwa na kaburi. Wadatoga wakimzika mzee mwenye heshima humjengea tuta refu la udongo na miti, kazi ya miezi, na ukoo mzima unakusanyika. Wao huliita bung'eda. Anayepita hung'oa majani mabichi akaweka juu yake. Tuta lile lilikuwa la babu yake Gidamuli, na lilikuwepo kabla ya mbegu ya kwanza ya ngano. Kwa miaka matrekta yalilizunguka, likabaki kisiwa cha majani kati ya ngano. Kisha akaja mkuu mpya wa vitalu, mtu wa rula. Akasema mistari inyooke, hata juu ya tuta.

Nilipewa plau nilibadilishie diski. Niliambiwa linaenda kitalu gani. Nilijua. Niliifunga kila diski, nikakaza kila nati, nikapaka grisi, kazi safi kabisa. Nilijiambia mimi ni fundi tu, anayelima ni dereva, anayeamuru ni mkuu. Kila mtu pale alikuwa na maneno ya namna hiyo mfukoni. Jioni dereva akarudi bila kunitazama. "Diski ya mwisho imepiga mawe pale kwenye tuta," akasema. "Ibadilishe." Niliivua. Ilikuwa moja ya zile kuukuu nilizorudishia kwa kukosa mpya, na ukingoni ilikuwa imemeguka kipande cha upana wa kidole gumba. Kwa mazoea tu nikaigonga kwa spana.

Ilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye chuma kingine. Ilianza kali, ikatetemeka, ikakaa hewani muda mrefu bila kutaka kuisha. Nilisimama pale na spana mkononi. Nilijua imetoka wapi, na niliitaka. Jumamosi nikaitundika bandani.

Gidamuli alifika, akaitazama. Akashika kipaza sauti. Siku ile aliimba kuliko siku zote, na kwa muda wa mwaka mzima bendi ya Kutu ilikuwa bendi kweli. Watu walikuja kwa miguu kutoka Gitting. Kila Jumamosi nilimhesabia mara nne kwenye diski, naye akangoja mlio ufifie kidogo, kisha akaingia. Alikuwa anasimama karibu nayo sana, bega lake likiigusa. Na kila Jumamosi mimi nilikufa kidogo, kwa sababu niliamini hajui.

Likaja tangazo kwamba sikukuu ya mavuno itafanyika Katesh uwanjani, na gari la redio litakuja kurekodi bendi za mashamba. Tungesikika nchi nzima. Nikawaza: nchi nzima isikie chuma kile? Nikashindwa kulala. Nilikwenda Arusha, nikapata toazi la shaba kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya bendi iliyovunjika. Lilikuwa zuri, linang'aa kama kikombe cha kanisa. Diski nikaificha nyuma ya matairi mabovu. Nilijiona nimefanya jambo la heshima, na sikumuuliza mtu.

Uwanjani Gidamuli alikuja amevaa shuka mpya. Akaliona toazi.

"Ile iko wapi?"

"Ilikuwa mbovu," nikasema. "Nimeitupa."

Alinitazama. Watu wa redio wakainua mkono, nikahesabu nne. Mlio wa shaba ukafifia, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikahesabu tena. Akaweka kipaza sauti chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akachukua fimbo yake, akapita katikati ya watu, akaishika njia ya Balangdalalu. Mzee Shabani na mimi tulipiga wimbo mpaka mwisho bila mwimbaji. Sidhani kama redio iliupiga. Kazini hakurudi, na Kutu haikupiga tena.

"Nenda ukamuulize," Mzee Shabani aliniambia, si mara moja. Mimi nikaona sina la kuuliza. Jibu nilikuwa nalo: mtu amemwambia diski ile ilipita wapi. Aibu ikanifunga miguu, na Balangdalalu si mbali hata kidogo.

Mengine mnayajua. Vipuri vikawa haba, kombaini moja ikaliwa ili nyingine itembee, jenereta ikanyamaza, mashamba yakaenda mikono mingine na mengine yakarudi vijijini. Mzee Shabani tulimzika Katesh. Wanawe walitaka kunipa gitaa nikakataa, nikajutia, nikarudi, wakawa wameshaliuza. Nikafungua gereji mliyonikuta nayo, nikaunda bendi mliyonikuta nayo. Diski nikaitundika ukutani. Mke wangu aliniomba mara tatu aifanye kikaango kama wanavyofanya wenzake, na mara tatu nilimnunulia kikaango.

Baada ya kuwakabidhi funguo niliichomoa msumarini, nikaitia kwenye gunia, nikapanda bodaboda. Nilifika saa nne asubuhi. Gidamuli alikuwa ameketi nje ya boma lake, nywele nyeupe, mgongo umenyooka vilevile. Tulisalimiana salamu ndefu: watoto, ng'ombe, mvua, watoto tena. Mkewe akaleta maziwa kwenye kibuyu. Hapo nikashindwa kuendelea na salamu.

"Gidamuli, nimekuja na kosa."

"Weka chini, tulione."

Nikaitoa kwenye gunia. Hakunitazama usoni. Akaweka kidole gumba kwenye pengo la ukingoni, kikakaa sawasawa.

"Hii ndiyo iliyopita juu ya babu yako," nikasema. "Niliifunga mimi. Nilijua inakokwenda. Halafu nikaipiga mwaka mzima, na wewe unaimba pembeni. Najua kuna mtu alikuambia, ndiyo maana siku ile ya redio ukaondoka."

"Nani aliniambia?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa. "Nyie Wambulu kulima mnajua. Kuuliza hamjui." Akanywa maziwa, akanipa kibuyu. "Wewe ulifunga diski. Dizeli ya trekta lile nilijaza mimi kwa mkono huu, na mimi nilijua linaenda wapi. Sasa nani amfunge mwenzake?"

Nikainua kibuyu, nikanywa.

"Jioni ile trekta lilipotoka, nilienda kuweka majani," akaendelea. "Tuta hakuna. Nikaweka kwenye udongo. Kati ya mawe nikaona kipande cha chuma, kipya kimekatika. Nikakifukia hapohapo. Jumamosi nakuja bandani, naona umetundika diski ina pengo. Nilijua kabla hujapiga."

"Na ukaimba?"

"Nikaimba. Hiyo ilikuwa imemgusa. Kitu kingine kilichomgusa babu sikuwa nacho, vyote wamelima. Ukipiga, ananiitikia. Mimi na yeye tunaimba pamoja, mwaka mzima, Lohay. Halafu siku ambayo nchi nzima ingemsikia, unaleta kitu cha Arusha. Nakuuliza iko wapi, unasema umeitupa." Akapitisha kidole tena kwenye pengo. Alipoendelea sauti ilikuwa ndogo. "Ungesema umeificha, ningekungoja. Umesema umemtupa. Ningeimba na nani?"

Vijana wangu, nimelia mbele ya mwanaume mwenzangu, mchana kweupe, na mkewe akiangalia. Miaka yote ile nililinda jibu lisilokuwa jibu. Bendi haikuuawa na kosa langu la kwanza. Hilo alikuwa amelibeba pamoja nami tangu jioni ya kwanza. Iliuawa na mimi kujiona nalisahihisha peke yangu, bila kumuuliza mwenye maumivu ni wapi panamuuma. Kwenye injini ningeweka fimbo sikioni kwanza.

Tulikwenda mahali penyewe kwa miguu, polepole. Siku hizi ni shamba la alizeti la mtu wa kijijini. Tuta hakuna, lakini Gidamuli hakutafuta, alitembea akasimama. Akainama, akang'oa majani mabichi mkono umejaa. Akayagawa mawili, nusu moja akanipa mimi.

Tukayaweka chini. Kisha tukaitundika diski kwenye mgunga ulio ukingoni mwa shamba, kwa mkanda wa tyubu niliokuja nao. Nikaufunga mara mbili.

"Hesabu," akasema.

Nikapiga nne, ukingoni, kama zamani. Mlio ukakaa hewani juu ya alizeti, ukitetemeka, hautaki kuisha. Alingoja ufifie kidogo, kisha akaingia. Sauti imekwisha, watoto wangu, imebaki ya mtu anayeita ng'ombe mmoja aliye karibu. Aliuimba wimbo wote, ule ambao redio haikuupata, na mimi nikampigia mpaka mwisho.

Diski iko huko, na itabaki huko. Msumari uacheni ukutani, msiutundikie kitu.